Walipojaribu Kuiacha Sala Nje: Kisa cha Makanisa 16 ya Baltimore

Kisa hiki ni cha utafiti ulioitwa Project Joy. Uliendeshwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins katika makanisa ya Wamarekani Weusi jijini Baltimore, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2001. Makanisa na wanawake walioshiriki nimewaacha bila majina, wala sitaji mitaa yao au madhehebu yao. Nimekichagua kwa sababu jambo lenye mafunzo kuliko yote ndani yake halikuwamo kwenye mpango. Wanawake waliopangiwa mafunzo yasiyo na dini waliingiza dini wenyewe, na watafiti wakalazimika kuamua la kufanya. Anayepeleka mradi wa afya kanisani au msikitini, mahali popote, iko siku atakutana na jambo la aina hiyo.

Usuli

Baltimore ni jiji la bandari katika jimbo la Maryland, na zaidi ya nusu ya wakazi wake ni weusi. Mwaka 1910 baraza la jiji lilipitisha sheria ya kutenganisha mitaa ya weupe na ya weusi, ya kwanza ya aina hiyo Marekani. Mahakama ya Juu ya nchi ilizibatilisha sheria za namna hiyo mwaka 1917, ila mitaa ilibaki imegawanyika vilevile. Hospitali ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa 1889, ipo upande wa mashariki wa jiji, katikati ya majirani maskini na weusi.

Ujirani huo una historia. Mwaka 1951 mama mmoja mweusi, Henrietta Lacks, alitibiwa hapo saratani ya mlango wa kizazi. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa, zikakuzwa maabara na kusambazwa duniani, na familia yake haikuambiwa kitu kwa zaidi ya miaka 20. Ukiongeza na ya Tuskegee huko Alabama, ambako tangu 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali kuu iliwafuatilia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu hata baada ya penisilini kupatikana, utaona kwamba mtafiti wa Hopkins aliyeingia kanisani miaka ya 1990 hakuwa mgeni machoni pa waumini. Walimjua, na walikuwa na maswali yao.

Sasa kwa nini kanisani? Jibu la haraka ni kwamba huko ndiko waliko watu, na jibu hilo halitoshi, kwani watu wapo sokoni pia. Kanisa la weusi Marekani ni taasisi waliyoijenga na kuimiliki wenyewe wakati taasisi nyingine zote zilikuwa za watu wengine. Mwaka 1793, homa ya manjano ilipoikumba Philadelphia, ni Richard Allen na Absalom Jones, waliokuja kuwa waasisi wa makanisa ya weusi, walioongoza watu wao kuuguza wagonjwa na kuzika wafu. Kazi ya afya kanisani haikuletwa na vyuo vikuu. Hadi leo makanisa mengi yana kikundi cha akina mama wauguzi wanaovaa sare nyeupe Jumapili na kukaa tayari mtu akizidiwa ibadani.

Na kanisa lina jiko. Baada ya ibada ya sikukuu, au baada ya mazishi, waumini hushuka ukumbini, na mezani kuna kuku wa kukaanga, makaroni yaliyookwa na jibini, samaki wa kukaanga, keki yenye siagi ya kutosha, na mboga za majani zilizochemshwa muda mrefu pamoja na mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Mboga hiyo ndiyo ya kutazamwa kwa makini. Majani yenyewe ni chakula bora, ila ule mguu umekolea chumvi, kwa hiyo supu huwa na sodiamu nyingi kabla mpishi hajashika mkebe wa chumvi. Ukimwambia mama aliyepika apunguze chumvi, atakwambia, na kwa haki kabisa, kwamba hakutia.

Magonjwa ya moyo ndiyo yanayoongoza kuua wanawake Marekani, na wanawake weusi hupata presha mapema na kwa wingi kuliko weupe. Ndiyo sababu utafiti ulilenga wanawake weusi wenye miaka 40 na kuendelea. Ulikuta njia imeshafunguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Hopkins na umoja wa wachungaji wa Baltimore Mashariki walikuwa wameendesha pamoja mpango ulioitwa Heart, Body, and Soul, ambao miongoni mwa kazi zake ulikuwa kuwasaidia waumini kuacha sigara.

Mpango ulivyopangwa

Wanawake 529 kutoka makanisa 16 walijiandikisha. Aliyepangiwa kundi hakuwa mtu mmojammoja, lilikuwa kanisa zima. Makundi yalikuwa matatu.

La kwanza, lenye wanawake 188, lilipewa mafunzo ya kawaida ya kubadili mwenendo. Walikutana kila wiki. Walipanda mizani, wakapata somo la lishe lenye kuonja au kuonyeshwa mapishi, kisha mazoezi ya viungo ya kama nusu saa. La pili, wanawake 267, lilipata yote hayo na kuongezewa mambo ya imani kwa makusudi: sala, maandiko yaliyofungamanishwa na somo la siku, mazoezi kwa muziki wa injili. La tatu, wanawake 74, halikuwa na vikao. Lilikuwa kundi la kujisaidia, ambamo kila mama alitakiwa kufuata ushauri kwa juhudi zake. Wote walipimwa mwanzoni na kupimwa tena baada ya mwaka.

Mantiki ya mpangilio huu ni rahisi kuifuata. Ukilinganisha kundi la pili na la tatu, utajua kama mpango unafaa. Ukilinganisha la pili na la kwanza, utajua kama imani inaongeza kitu juu ya lishe na mazoezi. Swali hili la pili ndilo lililoupa utafiti upya wake, kwa sababu kabla ya hapo miradi mingi ilitumia kanisa kama ukumbi wa bure tu wenye viti na maegesho ya magari.

Yaliyotokea

Kwenye makanisa ya kundi la kwanza mambo hayakwenda kama karatasi ilivyosema. Wanawake walianza kuingiza mambo ya kiroho wenyewe, bila kuagizwa na mtu. Muda si muda, kikao cha kundi lisilo la dini kilifanana na kikao cha kundi la dini.

Tujiweke mahali pao. Hawa ni wanawake wanaojuana miaka mingi. Wameimba kwaya moja, wamezikiana waume na wazazi. Wamekutana ndani ya jengo la kanisa lao, jioni ya wiki, kuzungumzia miili yao, jambo ambalo si jepesi kulisema mbele za watu hata kama ni rafiki zako. Mmoja amepanda mizani na namba haikumfurahisha. Mwingine amefiwa na dada yake kwa kiharusi. Katika mazingira hayo, kukutana bila kufungua kwa sala ni kama kuingia nyumba ya watu bila hodi. Sidhani kama yeyote kati yao alikaa akafikiri kwamba anavuruga utafiti. Walifanya wanachofanya kila wanapokutana.

Lipo jambo la pili, halipewi uzito na wanaousimulia utafiti huu, nami naliona muhimu karibu sawa na la kwanza. Tazama hesabu ya kundi la tatu. Wanawake 74, wakati kundi la kwanza lina zaidi ya mara mbili yake na la pili zaidi ya mara tatu. Kuna njia zaidi ya moja ya kupata tofauti kubwa hivyo, ikiwamo idadi ya makanisa katika kila kundi na ukubwa wake. Hata hivyo, aliyewahi kwenda kwa mchungaji na habari ya kundi linganishi, yaani lile lisilopewa mafunzo ili wengine walinganishwe nalo, anaijua sura atakayoiona. Unamwambia waumini wake watapimwa damu, kiuno na presha, kisha wataachiwa wakajisomee nyumbani. Kanisa la jirani linapata mwalimu, mapishi na muziki. Katika jamii yenye kumbukumbu ya Tuskegee, kupimwa bila kuhudumiwa kuna maana yake.

Uamuzi wa watafiti

Walipoona makundi mawili yamefanana, walikuwa na njia tatu mbele yao. Ya kwanza ni kulinda mpango: kuwakumbusha waelimishaji na wanawake kwamba katika makanisa haya hakuna sala wakati wa kikao. Ya pili ni kuyaondoa makanisa hayo kwenye hesabu kwa kuwa yamekiuka masharti. Ya tatu ni kukubali kwamba yaliyokuwa makundi mawili yamekuwa moja, kuyahesabu pamoja, na kulinganisha jumla yake na kundi la kujisaidia.

Walichagua ya tatu, na waliyasema wazi katika ripoti yao. Naona walichagua sawasawa. Njia ya kwanza ingemfanya mtu wa Hopkins asimame ndani ya kanisa la weusi akiwakataza akina mama wasisali. Hakuna kamati ya maadili inayohitajika kumwambia mtu matokeo yake. Njia ya pili ingetupa kazi ya wanawake 188, na kilichobaki kingekuwa na watu wachache zaidi wa kutegemea katika hesabu.

Gharama ya uamuzi huo ni kwamba lile swali lililoupa utafiti upya wake lilibaki bila jibu. Project Joy hauwezi kutuambia kama sala na maandiko vilipunguza hata gramu moja ya mafuta, kwa sababu hakukuwa tena na kundi lisilosali la kulinganisha nalo. Anayeutaja kama ushahidi kwamba imani ndiyo iliyofanya kazi anaupa utafiti maneno ambayo haukuyasema. Mihadhara inayosema hivyo ipo.

Matokeo baada ya mwaka

Katika makundi mawili yaliyounganishwa, uzito ulipungua kwa wastani wa nusu kilo, kiuno kwa karibu sentimita 1.7, na presha ile namba ya juu kwa 1.6. Chakula cha siku kilipungua kalori 117, mafuta gramu 8 na sodiamu miligramu 145. Kundi la kujisaidia halikuwa na badiliko la maana katika mambo hayo.

Yaani nusu kilo kwa mwaka. Kalori 117 ni kipande cha mkate na siagi kidogo. Miligramu 145 za sodiamu ni kama sehemu ya kumi na sita ya kijiko cha chai cha chumvi. Kwa mama mwenye presha ya 160, kushuka kwa 1.6 hakumwondoi hatarini.

Ripoti ilionyesha pia kwamba sehemu ya kumi ya wanawake waliopungua zaidi walipoteza takriban kilo 9 kila mmoja, na viashiria vyao vingine vikaboreka kwa kiwango ambacho daktari angekifurahia. Namba hii hupendwa sana. Ila tukumbuke kwamba kundi lolote la watu lina sehemu ya kumi ya juu, hata lisilofundishwa lolote. Kuwachagua washindi baada ya mchezo kwisha hakuthibitishi kwamba kocha ndiye aliyewashindisha. Kinachoonekana hapo ni kwamba ndani ya wastani mdogo walikuwamo watu waliobadilika sana, na swali lenye faida ni nani hao na walifanya nini tofauti.

Uchambuzi

Lililofanya kazi, kwa maoni yangu, ni uhusiano uliotangulia utafiti. Wanawake 529 hawakujiandikisha kwa sababu ya tangazo zuri. Wachungaji walikuwa wameshafanya kazi na watu hawa kwenye suala la sigara, na mchungaji akisema mimbarani kwamba watu hawa anawafahamu, anaweka dhamana jina lake. Dhamana hiyo hujengwa kwa miaka. Haimo kwenye bajeti za miradi ya miezi 18.

Kuonja chakula nako kulikuwa na akili. Rudi kwenye ile mboga. Somo la sodiamu linaloishia kwenye karatasi humwacha mama na lawama. Somo linalomwonjesha mboga ileile iliyochemshwa na nyama ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, na vitunguu, pilipili na siki, humpa kitu cha kupeleka jikoni. Mabadiliko ya namna hiyo hayamwambii kwamba chakula cha bibi yake kilikuwa kibaya. Yanamwambia kwamba kina ndugu.

Lililokwama lilianzia kwenye swali lenyewe. Mpangilio uliichukulia imani kama kiungo unachoweza kukitia kwenye sufuria moja na kukiacha kwenye nyingine. Kwa dawa ya vidonge mantiki hiyo inafaa. Kwa mkutano wa waumini ndani ya kanisa haifai, kwa sababu imani ndiyo inayowakutanisha. Mtu angetaka kweli kupima mchango wa maudhui ya dini, angelazimika kufanya hivyo kwa njia nyingine, kwa mfano kulinganisha makanisa na kumbi za jamii, na hapo angepata matatizo mengine, kwa kuwa wanaokwenda kanisani si watu sawa na wasiokwenda.

Kundi linganishi nalo lingeweza kupangwa vizuri zaidi, na waliofuata walifanya hivyo. Katika mpango wa Faith, Activity, and Nutrition huko South Carolina, makanisa 74 ya African Methodist Episcopal, dhehebu la weusi, yaligawanywa katika makundi mawili: yanayoanza sasa na yanayosubiri zamu. Hakuna kanisa lililoambiwa kwamba litapimwa na kuachwa. Mpango huo pia ulihama kutoka darasani kwenda kwenye muundo wa kanisa, ukafundisha kamati za makanisa na wapishi wao. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kwamba muda wa mazoezi ambao waumini wenyewe waliueleza uliongezeka kidogo, lakini presha haikubadilika kuliko ya waliosubiri.

Hapo ndipo mtu anayetaka kuzuia kiharusi anapaswa kusimama kidogo. Mipango miwili iliyofanywa kwa umakini, mmoja ukiwa na mapishi na muziki, mwingine ukiwa na kamati na wapishi, haikuigusa presha kwa kiasi cha kutosha. Sababu moja ni kwamba ilikusanya kila mtu, mwenye presha na asiye nayo, na asiye nayo hana pa kushuka. Linganisha na utafiti wa New York ulioitwa FAITH, uliochapishwa 2018. Huo ulichukua watu 373 kutoka makanisa 32, wote weusi wenye presha isiyodhibitiwa, na vikao vikaendeshwa na waumini waliofunzwa kutoka makanisa hayohayo. Baada ya miezi sita presha ile namba ya juu ilishuka kwa 16.53 katika kundi la mafunzo na kwa 10.74 katika kundi linganishi. Tofauti ya karibu 6 ni kitu kinachoonekana kliniki. Ilipofika mwezi wa tisa tofauti ilikuwa 5.21, ila kitakwimu haikuweza tena kutenganishwa na bahati.

Tazama pia kwamba kundi linganishi la FAITH lilishuka kwa zaidi ya 10. Asiye na kundi linganishi angeona ile 16 na kushangilia yote. Kila kanisa linalopima presha Jumapili ya kwanza ya mwezi na kutangaza baada ya nusu mwaka kwamba presha za waumini zimeshuka linaangukia mtego huo, kwa sababu mtu aliyepimwa siku presha imepanda sana mara nyingi hupungua akipimwa tena, ufundishe usifundishe.

Wanaume hawakuwamo kabisa katika Project Joy. Kwa utafiti wa wanawake hilo si kosa. Lakini mume anayekula nyumbani ana sauti juu ya kinachopikwa, na mpango unaozungumza na mpishi peke yake unamwachia mpishi vita vyote.

Lililobaki ni nani anaendelea watafiti wakiondoka. Mpango mwingine, Body & Soul, ulikuwa umeonyesha kwamba waumini wa makanisa ya weusi huongeza matunda na mboga wakisaidiwa na mambo manne kwa pamoja: mchungaji anayeongoza kwa vitendo, shughuli za mafunzo, mazingira ya kanisa yanayowezesha, na waumini wanaoshauriana mmoja kwa mmoja. Ulionekana mzuri kiasi cha kusambazwa nchini. Ulipojaribiwa tena Michigan na North Carolina kati ya 2008 na 2010, safari hii makanisa yakiuendesha yenyewe, tofauti ya maana haikuonekana. Vifaa vilikuwa vilevile na nguzo nne zilikuwa zilezile. Kilichopungua, kwa maoni yangu, ni watu wa kupiga simu, kukumbusha, kumrudia yule aliyekosa vikao viwili, kazi ambayo watafiti huifanya kwa mshahara na kanisa huitarajia ifanywe na mama mmoja wa kujitolea ambaye tayari yuko kwenye kwaya, kwenye jiko na kwenye kamati ya mazishi.